Aliyelazwa na Aliyembeba: Kisa cha Kuripoti Shaka ya Ukatili dhidi ya Mtoto, Kigoma

Kisa hiki kilitokea mkoani Kigoma. Hospitali haitajwi, na umri, siku na baadhi ya mahusiano vimebadilishwa ili familia isitambulike. Nilikipitia pamoja na wahudumu waliokuwa zamu, na tangu hapo nakitumia ninapofundisha waganga, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii. Wengi wanakuja na swali moja: niripoti au nisiripoti? Kisa hiki kinaonyesha kwamba hilo ndilo swali rahisi. Magumu yanaanza ukishaamua kuripoti: unamwambia nani, kwa maneno gani, na familia unaiacha katika hali gani.

Usuli

Familia inaishi kwenye mtaa wa mlimani, juu ya Ziwa Tanganyika. Baba ni mvuvi wa dagaa, na kazi yake inafuata mwezi: usiku wa giza wanatoka na taa, mbalamwezi wanabaki nchi kavu kutengeneza nyavu. Mama huteremka alfajiri mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, ananunua, anaanika, anauza. Ana mtoto wa kike wa miezi 9 aliyemzaa kabla ya ndoa hii, kwa hiyo mume ni baba wa kambo. Mama mzazi wa mama, ambaye hapa nitamwita bibi, anakaa nao.

Yupo pia binti wa miaka 11, mtoto wa ndugu wa mbali, aliyeletwa kutoka wilaya nyingine ya mkoa kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Alipofika akapewa mtoto ambebe. Shule ikawa “mwaka kesho”.

Kisheria, msingi ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Daktari hatengwi, naye ni mwanajamii kama wengine, ila anaona ambacho wengine hawaoni. Kwenye mamlaka hiyo anayeshughulika ni afisa ustawi wa jamii, ambaye anaweza kumwita mzazi au mlezi, kuzungumza naye na kufikia uamuzi wenye maslahi ya mtoto, na jambo likishindikana linakwenda mahakamani. Polisi nao wana dawati la jinsia na watoto, na fomu ya PF3, inayotolewa na polisi na kujazwa na daktari, ndiyo inayounganisha jeraha na jalada la jinai. Njia hizi mbili zinakutana, lakini haziendi kwa mwendo mmoja. Mengi yaliyoharibika hapa yanatokana na kuzichanganya.

Kilichotokea

Jumatatu jioni mama alifika na mtoto. Paja la kulia lilikuwa limevimba, na kila nepi ilipobadilishwa mtoto alipiga kelele mpaka sauti inakauka. Mama alisema mtoto alianguka kitandani Jumamosi usiku. Kwa nini wamechelewa? Walimpeleka kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika kwa mzunguko, kama mguu uliosokotwa. Daktari wa zamu, kijana aliyekuwa bado mgeni mkoani, alisimama kwenye picha hiyo muda mrefu. Mtoto wa miezi 9 hatembei. Kitanda walichokieleza kilikuwa godoro juu ya vichaga, kimo kisichofika goti. Mtoto asiyetembea, akivunjika mfupa mrefu kuliko yote mwilini kwa anguko dogo namna hiyo, anampa daktari yeyote sababu ya kushtuka. Alipomfunua tumbo akakuta chale mpya, mistari midogo ya wembe iliyopangana upande wa kushoto chini ya mbavu. Muda mfupi baadaye muuguzi alimsikia bibi akimweleza jirani wa kitanda cha pili kwamba mtoto “aliteleza mgongoni”. Mgongoni kwa nani, hakuna aliyeuliza.

Mtoto alilazwa. Kwa umri wake mguu uliovunjika paja hutibiwa kwa kuning'iniza miguu yote miwili kwenye chuma juu ya kitanda, imefungwa kwa plasta za kunata, makalio yakiinuka kidogo tu kutoka kwenye godoro. Ni tiba nzuri na mfupa wa mtoto huunga haraka, lakini kwa mzazi ambaye hajaelezwa inatisha sana. Mama huyu alielezwa kwa sentensi moja.

Usiku huo daktari alimpigia simu afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Alikuwa likizo na hakuna aliyekaimu. Akampigia askari wa dawati. Asubuhi PF3 ililetwa akaijaza, na kwenye nafasi ya maelezo ya jeraha akaandika: “Mtoto amepigwa na kuvunjwa mguu; ana majeraha ya kukatwa tumboni.”

Mchana baba wa kambo alikuja na chakula, ugali na migebuka kwenye bakuli lililofunikwa kitenge. Askari wawili wenye sare walimchukua wodini, wazazi wengine wakitazama. Alikaa mahabusu usiku tatu. Ilikuwa giza, siku ambazo mvuvi anatafuta fedha ya mwezi mzima, na usiku wa pili tajiri wa chombo alimweka mtu mwingine kwenye nafasi yake.

Alfajiri ya Alhamisi muuguzi alimkuta mama akikata plasta za mtoto kwa wembe. Mkoba ulikuwa mlangoni tayari. Alisema anampeleka mtoto nyumbani kabla na yeye hajakamatwa.

Muuguzi huyo, mwanamke mtu mzima na Muha mwenyeji wa huko, hakupiga kelele wala hakumwita mlinzi. Alimkalisha mama, akazifunga plasta upya, kisha akainama chini ya kitanda. Pale kwenye mkeka alilala yule binti, tangu Jumatatu. Ndiye aliyebeba chupa ya uji, ndiye aliyefua nepi bombani, ndiye aliyembembeleza mtoto mama alipotoka. Muuguzi akamuuliza kwa Kiha kama amekula. Binti akaanza kulia na hakunyamaza kwa muda mrefu.

Yaliyotoka ni haya. Jumamosi alasiri alikuwa akipanda mlima, mtoto mgongoni kwenye mbeleko na ndoo ya maji kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliteleza, akaanguka ubavu, mguu wa mtoto ukabaki chini yake huku mwili wake ukijisokota. Mama alikuwa mwaloni, na baba alikuwa amelala akijiandaa na usiku. Bibi alipoona mguu alimchapa binti kwa waya. Kisha akapanga maneno: mkifika hospitali semeni kitanda, mkimtaja huyu watasema tunamtumikisha mtoto wa watu.

Afisa ustawi wa halmashauri alifika siku hiyo hiyo. Binti alipochunguzwa, faraghani na mbele ya muuguzi, alikutwa na alama za waya miguuni na mgongoni. Nyingine zilikuwa mbichi, nyingine za zamani.

Maamuzi na sababu zake

Kumlaza mtoto badala ya kumpeleka rufaa usiku ule ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote. Daktari alieleza kwamba wodi ilimpa mahali salama bila kulazimika kumshutumu mtu. Mtoto ana sababu ya kitabibu ya kubaki, familia ina sababu ya kukubali, na muda wa kuuliza unapatikana.

Aliagiza pia picha za mwili mzima kutafuta mifupa mingine iliyovunjika zamani. Ndivyo inavyotakiwa kwa mtoto wa chini ya miaka 2 anayeshukiwa kuumizwa, na siyo kila mahali inawezekana. Picha zilipigwa Jumanne: mbavu nzima, mikono mizima, hakuna alama ya kuvunjika kwa zamani. Majibu hayo yalikaa ndani ya bahasha mpaka Alhamisi. Hakuna aliyewapigia polisi.

Kuita polisi moja kwa moja kulitokana na hofu mbili. Ustawi hakupatikana, na daktari aliwahi kusikia kisa cha mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akarudishwa maiti. Hofu ya pili naiheshimu. Kila anayefanya kazi hii anatembea nayo. Ya kwanza ilikuwa na suluhisho. Halmashauri ina maafisa wake, mtendaji wa mtaa anajua pa kuwapata, na namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, inapokelewa.

Kutomwambia mama kulifanywa kwa makusudi, ili “asitoroke na mtoto”. Aligundua kwa kuona pingu, na baada ya hapo ndipo akataka kutoroka.

Matokeo

Baba wa kambo aliachiwa bila shtaka. Mtoto alitolewa kwenye chuma baada ya wiki tatu na mguu uliunga vizuri. Binti aliwekwa kwa muda kwenye familia ya kuaminika iliyo kwenye orodha ya ustawi, kisha baba yake mzazi akapatikana, akaja kumchukua, na halmashauri ya kule ikaombwa kufuatilia aandikishwe shule. Bibi alihojiwa na dawati, akaonywa, nyumba ikawekwa chini ya uangalizi wa ustawi.

Hayo ndiyo yaliyoingia kwenye taarifa. Kuna mengine hayakuingia. Baba alirudi mtaani akiwa tayari na jina, “aliyemvunja mtoto wa mke”. Tajiri alimrudisha kazini mwezi uliofuata tu. Ndoa iliyumba, na alihamia kwa kaka yake kwa kipindi. Mama aliacha kabisa kumpeleka mtoto kliniki, hata chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 ikapita. Akipita mbele ya zahanati, kwa maneno yake, anaona askari. Mhudumu wa afya wa jamii ndiye aliyegundua, na muuguzi wa zahanati akaenda kumchanja nyumbani, bila sare.

Uchambuzi

Tulipokaa kukijadili, daktari mmoja alisema waziwazi kwamba kisa hiki kimemfundisha kunyamaza. Sikubaliani naye hata kidogo, na nataka nieleze kwa nini.

Shaka ilikuwa halali. Jeraha halikuendana na maelezo, maelezo yenyewe yalikuwa mawili, na matibabu yalicheleweshwa. Kifungu cha 95 hakimtaki anayeripoti awe amethibitisha nani kafanya nini. Laiti daktari angekubali hadithi ya kitanda, mtoto angetibiwa na kuondoka, na binti angerudi mlimani na ndoo yake na waya ule ule ukimngoja. Taarifa iliyomlenga mtu asiyehusika ndiyo iliyomfikia mtoto aliyekuwa akiumizwa. Ilimfikia kwa bahati tu, lakini bila taarifa hata hiyo bahati isingekuwepo.

Tatizo liko kwenye sentensi moja ya PF3. “Mtoto amepigwa” si matokeo ya uchunguzi. Daktari hakuona kipigo, aliona mfupa. Angeandika: “Mfupa wa paja la kulia umevunjika kwa mzunguko. Mtoto hatembei. Anguko la kitandani lililoelezwa halitoshi kueleza jeraha hili. Nashauri uchunguzi wa ustawi wa jamii.” Askari akisoma hivyo anajua kwamba kuna swali. Akisoma “amepigwa” anajua kuna mpigaji, na kazi iliyobaki ni kumtafuta. Kwenye nyumba yenye baba wa kambo hatafuti mbali. Ninapofundisha hutumia muda mrefu kwenye hili, tunaandika na kufuta sentensi ubaoni, kwa sababu mkono wa daktari unaishia kwenye karatasi ile na yanayofuata hayamo mikononi mwake.

Zile chale nazo ziliwekwa kwenye fungu lisilo lake. Upande wa kushoto chini ya mbavu ndipo bandama lilipo, na mkoa huu bado una malaria nyingi. Mtoto akivimba bandama, wengi wanampeleka akachanjwe chale. Ni desturi ya hatari, ina vidonda na maambukizi, na mzazi aelimishwe kwa uwazi. Lakini kuiandika kwenye PF3 kama “kukatwa” bila neno la ziada ni kuifanya tiba ya kienyeji ionekane kama shambulio. Muuguzi yeyote mwenyeji angelisema kwa dakika moja. Daktari hakumuuliza.

Na sasa binti. Usiku tatu mfululizo wahudumu wa zamu zote walipita pembeni yake. Kwenye faili imeandikwa: “Ameletwa na mama, bibi na ndugu.” Huyo “ndugu” ndiye shahidi pekee wa tukio, na naye ni mtoto. Hakuwa na namba ya faili, kwa hiyo hakuna aliyemwona kama mtu wa kuulizwa, wala kama mtu wa kuchunguzwa. Tunajifunza kusoma mfupa na tunasahau kutazama aliyekaa kwenye mkeka. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Alama za waya kwenye miguu ya binti wa kazi hazikushtua mtu kwa sababu wengi wetu tumekua tukiziona. Sheria, kwenye kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha kwa mtoto, na umri wa chini wa kufanya kazi inayoruhusiwa ni miaka 14. Binti huyu alikuwa ndani ya vifungu vyote hivyo.

Yaliyotokea hapa yana historia ndefu kwingine. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake wa Colorado walichapisha makala juu ya watoto waliopigwa, na ndani ya miaka michache majimbo ya Marekani yakawatungia madaktari sheria za kuwalazimisha kuripoti. Robo karne baadaye, mwaka 1987, huko Cleveland, Uingereza, watoto 121 walitajwa na madaktari kuwa wamenajisiwa. Wengi walitolewa majumbani kwa haraka, na wengi wakarudishwa baadaye. Tume iliyoongozwa na jaji Elizabeth Butler-Sloss ilitoa ripoti mwaka 1988: haikusema madaktari wanyamaze, ilisema taasisi hazikuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na kwamba mtoto ni mtu wa kusikilizwa na siyo kitu cha kuhangaikiwa tu. Nikisoma hivyo namwona binti wa chini ya kitanda.

Kuhusu kumwambia mzazi, najua hoja ya kuficha, na ipo pale inapofaa: mtoto akiwa hatarini saa hiyo, au anayeshukiwa akiwa mbele yako na ana jazba. Haikuwa hivyo hapa. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye chuma ndani ya wodi yenye muuguzi. Mama angeambiwa, “Mama, mguu huu na kitanda haviendani. Sheria inanitaka niwaite ustawi waje tuzungumze. Sikusemi wewe, nauliza mtoto aliumiaje,” pengine angelia, pengine angekasirika. Lakini angekuwa na mlango wa kusema ukweli kabla askari hawajafika. Aulizwe peke yake, na bibi awe nje. Mahojiano yote ya Jumatatu yalifanyika bibi akiwa amesimama kando ya kitanda, na mama wa Kiha hamkatizi mama yake mbele ya wageni.

Kilichofanya kazi kuliko vyote hakimo kwenye mwongozo wowote. Muuguzi alimkuta mama na wembe mkononi, akaona mwanamke aliyeogopa. Kisha akamuuliza mtoto wa pili kama amekula.

Limebaki suala la baba, ambalo kwenye mjadala wetu lilichukua dakika chache kuliko linavyostahili. Alipoachiwa alirudi hospitalini, siyo kugomba, kuomba barua. Alitaka karatasi ya kumwonyesha tajiri wa chombo na mwenyekiti wa mtaa kwamba hakumvunja mtoto. Daktari alisema hiyo ni kazi ya polisi. Polisi wakasema hakuna kesi, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Ustawi wakasema wanashughulika na watoto. Kila mmoja alikuwa sahihi kwenye mipaka ya ofisi yake, na mtu akaondoka mikono mitupu. Mtoto yule analelewa na kipato cha baba huyu. Nyumba ikivunjika, anayeumia tena ni yeye. Naona kazi hii ni ya afisa ustawi, ndani ya kufunga shauri, na siyo hisani. Mwishowe mtendaji wa mtaa aliitisha kikao kidogo nyumbani kwa mwenyekiti, afisa ustawi akaja, tajiri akaitwa, na ikasemwa mbele ya watu kwamba uchunguzi umemwondolea mashaka. Binti hakutajwa, wala bibi. Giza lililofuata baba alikuwa ziwani.

Hospitali ile sasa ina mtu wa kukaimu ustawi wakati wa likizo, namba yake imebandikwa chumba cha zamu, na kwenye karatasi ya kumpokea mtoto mwenye jeraha imeongezwa mistari miwili: nani alikuwa na mtoto alipoumia, na watoto wengine wa nyumba hiyo wako wapi. Halmashauri alikopelekwa binti ilijibu barua ya pili. Ameandikishwa darasa la tatu, na afisa wa kule ameombwa amwone tena kabla ya muhula kufungwa.